Kuhama nyumba kwa kujitegemea

Kuhama nyumba kwa kujitegemea ni kuhamisha watu na vyombo kutoka makao ya zamani hadi makao mapya bila kulipa kampuni inayofanya kazi hiyo. Kufunga, kubeba, kusafirisha na kupanga upya hufanywa na wenye nyumba pamoja na ndugu, marafiki na majirani. Kinachokodiwa, kama kipo, ni gari au mkokoteni pamoja na dereva wake.

Katika miji ya Afrika ya Mashariki hii ndiyo njia inayotumiwa na watu wengi. Makala hii inaieleza kwa kufuata hali ya Jang'ombe, eneo la Ng'ambo katika Wilaya ya Mjini, Mkoa wa Mjini Magharibi, kisiwani Unguja. Huko kuhama kuna pande mbili: kazi ya mikono, na kazi ya kujulisha wanaohusika, yaani mwenye nyumba, sheha, skuli, na mashirika ya umeme na maji. Sahani iliyovunjika hununuliwa nyingine sokoni. Kodi iliyolipwa bure au haki iliyopotea kwa kukosa barua ni vigumu zaidi kuirudisha.

Mazingira ya Jang'ombe

Jang'ombe iko upande wa mashariki ya Mji Mkongwe, karibu na mitaa kama Kwaalinatu, Matarumbeta, Urusi na Kidongo Chekundu. Nyumba nyingi ni za chini, zimeshikana, na baina yao mna vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Nyumba ya kawaida ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma wenye jiko na choo. Nyumba moja huweza kuwa na familia kadhaa, kila moja ikiwa imepanga chumba kimoja au viwili.

Muundo huo huathiri kazi ya kuhama kwa namna tatu. Kwanza, gari huishia barabarani na vyombo hubebwa kwa mikono sehemu ya mwisho ya safari. Pili, milango na kumbi ni nyembamba, kwa hiyo kabati au kitanda kikubwa huenda kisipite bila kufunguliwa. Tatu, anayehama hupita mbele ya mabaraza ya watu; kila mmoja anajua nani anatoka na nani anaingia. Jambo hili la tatu hupunguza wizi wa vyombo vilivyowekwa nje, na mara nyingi huleta mikono ya kusaidia bila kuombwa.

Historia

Neno Ng'ambo lina maana ya upande wa pili wa maji. Zamani hori la bahari lilitenganisha Mji Mkongwe na eneo hilo. Hori lilifukiwa hatua kwa hatua, na ukingoni mwake ikapita barabara iliyojulikana kama Creek Road, ambayo sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa.

Nyumba za Ng'ambo zilijengwa kwa miti na udongo na kuezekwa makuti. Mara nyingi aliyejenga alimiliki nyumba lakini si kiwanja, naye alilipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Hivyo mtu aliweza kutakiwa kuhama ingawa nyumba ilikuwa yake mwenyewe. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo, na suala la nani ana haki ya kumwondoa mtu katika makao yake likawa jambo kubwa la siasa mjini.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ardhi ilitaifishwa. Serikali chini ya Abeid Amani Karume ilibomoa nyumba nyingi za udongo katika sehemu za Ng'ambo na kujenga majumba ya ghorofa Kikwajuni, Kilimani na Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Familia zilizohamia humo zilikutana na kazi mpya: vinu, mitungi ya maji na majiko yaliyokuwa uani sasa vilipandishwa ngazi hadi ghorofa za juu. Katika Mji Mkongwe, nyumba nyingi zilizoachwa na wenyewe baada ya Mapinduzi zilikaliwa na familia kutoka mashamba, Pemba na Ng'ambo.

Miongo ya baadaye mji ulipanuka kuelekea Mwanakwerekwe, Fuoni, Tomondo na Bububu. Wengi waliozaliwa Ng'ambo wamejenga huko na kuhamia nyumba zao wenyewe, huku vyumba walivyoacha vikichukuliwa na wapangaji wengine. Kwahani, mtaa jirani na Jang'ombe, wakaazi walihama kwa sababu nyingine: kupisha ujenzi wa majumba ya ghorofa ya Mji Mpya wa Kwahani.

Sababu za kuhama

Watu huhama kwa sababu za kawaida: kuoa au kuolewa, kuongezeka kwa watoto, kufiwa, kuachana, kupanda kwa kodi, kumaliza kujenga, au mwenye nyumba kutaka chumba chake. Mvua za masika nazo huhamisha watu walioko bondeni ambako maji hutuama. Aina ya sababu hubadilisha muda wa kujitayarisha. Anayehamia nyumba yake mwenyewe huweza kupeleka vyombo kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Aliyepewa taarifa ya kuondoka hana nafasi hiyo.

Mapatano ya nyumba

Kodi ya nyumba Tanzania mara nyingi hulipwa kwa mkupuo wa miezi mitatu, sita au mwaka mzima. Mpangaji anayehama kabla ya muda kwisha huweza kupoteza fedha za miezi iliyobaki, na anayechelewa kutoka huweza kudaiwa mkupuo mwingine. Kwa hiyo tarehe ya kuhama hupangwa kwa kutazama mkataba kabla ya kutazama gari.

Mambo yanayostahili kuandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili ni haya:

1. Kiasi cha kodi, muda wake, na tarehe ya kuanza na kumaliza.
2. Muda wa taarifa ambao kila upande unapaswa kutoa kabla ya kuvunja mapatano.
3. Nani analipa umeme na maji, na kwa hesabu gani ikiwa mita ni moja kwa vyumba vyote.
4. Hali ya milango, kufuli, dari, bomba na choo siku ya kuingia.
5. Nani atagharamia matengenezo.

Dalali aliyemtafutia mtu nyumba hudai ujira wake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kabla ya kumlipa dalali au mwenye nyumba, ni vyema kuhakikisha kwamba anayepokea fedha ndiye mwenye haki ya kupangisha. Kwa nyumba za wakfu, mwenye mamlaka ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwa majumba ya Serikali ni Shirika la Nyumba Zanzibar. Mpangaji anayekodisha chumba cha nyumba kama hizo kwa mtu wa tatu huenda hana ruhusa hiyo, na aliyeingia kwa njia yake hujikuta ametolewa huku fedha zikiwa zimekwishalipwa.

Sheha na kumbukumbu za ukaazi

Shehia ni ngazi ya chini ya utawala Zanzibar, na kiongozi wake huitwa sheha. Sheha hutunza kumbukumbu za wakaazi wa shehia yake, wakiwemo wanaohama na wanaohamia. Barua yake hutakiwa katika shughuli nyingi, kwa mfano kuomba kitambulisho, kuandikisha mtoto skuli au kuthibitisha anwani.

Utaratibu wa kawaida ni kumwona sheha wa shehia ya zamani, kumjulisha tarehe ya kuondoka na kupata barua, kisha kuipeleka kwa sheha wa shehia mpya pamoja na vitambulisho vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Familia huandikwa katika kumbukumbu mpya. Taarifa za Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hurekebishwa katika ofisi ya usajili ya wilaya.

Wanaohama umbali mfupi, kwa mfano kutoka Jang'ombe hadi Kidongo Chekundu, mara nyingi hupuuza hatua hii kwa kuona kwamba bado wako mtaani. Lakini mpaka wa shehia au wa jimbo huweza kupita kwenye barabara moja tu. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa mwaka 2005, kwa mfano, sheria ilimtaka mpiga kura awe ameishi katika jimbo kwa miezi 36 mfululizo, na neno la sheha lilikuwa na uzito katika kuamua nani ni mkaazi wa wapi. Mtu ambaye kuhama kwake hakukuandikwa popote alikuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha madai yake.

Umeme, maji na skuli

Umeme Zanzibar hutolewa na Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO), na maji na Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA). Mita hubaki na nyumba. Anayehamia anapaswa kujua namba ya mita, kuuliza kama ina deni la nyuma, na kulimaliza suala hilo na mwenye nyumba kabla ya kuingia. Kwa mita ya kununua umeme kabla ya kutumia, ni vizuri kununua kiasi kidogo kwanza ili kuona kama sehemu ya fedha inakatwa kufidia deni. Anayetoka naye husoma mita mbele ya shahidi na kuandika namba iliyoonekana.

Kwa upande wa maji, swali kubwa ni siku na saa ambazo maji hutoka, na kama nyumba ina tangi. Kujaza ndoo na madumu ya nyumba mpya siku moja kabla ya kuhama huwaokoa watu na adha, kwa kuwa siku ya kuhama maji mengi huhitajika kwa kufagia, kuosha na kupika.

Watoto wa skuli huhamishwa kwa barua kutoka skuli ya zamani. Familia nyingi husubiri likizo. Pale ambapo makao mapya hayako mbali, mtoto huachwa katika skuli yake hadi mwisho wa mwaka wa masomo.

Kuchagua siku

Miezi ya Machi hadi Mei ni ya masika na si mizuri kwa kuhamisha magodoro na makabati kwa gari la wazi. Vuli, kati ya Oktoba na Disemba, nayo ina mvua ingawa kwa kawaida ni chache zaidi. Mwezi wa Ramadhani wengi hawahami, kwa sababu kubeba mizigo mchana na huku mtu amefunga ni mateso. Siku ya Ijumaa kazi husimama kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Asubuhi ya mapumziko ya wiki, mara baada ya alfajiri, ndiyo saa inayopendwa: jua bado si kali, barabara ni nyeupe na vijana wa mtaani wapo.

Kupunguza na kufunga vyombo

Hatua ya kwanza ni kupunguza. Kila chombo kisichohamishwa ni safari moja pungufu kichochoroni. Vitu hugawanywa katika mafungu matatu: vya kwenda navyo, vya kuwapa watu au kuuza, na vya kutupa. Kabla ya kukubali kwamba kabati au kitanda kinakwenda, mlango wa nyumba mpya hupimwa kwa kamba au futi, pamoja na upana wa ukumbi na kona za ngazi. Kitanda cha samadari na kabati la mbao nzito ndivyo vinavyokwama zaidi.

Vifaa vya kufungia vinapatikana bila gharama kubwa. Maboksi matupu huombwa madukani. Nguo hutiwa katika masanduku, mabegi na magunia. Khanga, mashuka na foronya hufunikia vyombo vya udongo na vioo, na hivyo navyo husafiri bila kuhitaji boksi lake. Sahani husimamishwa kwa ubavu badala ya kulazwa moja juu ya nyingine, kwa sababu zikilazwa uzito wote huangukia ile ya chini. Vitabu huwekwa katika maboksi madogo, kwani boksi kubwa la vitabu halibebeki.

Kila boksi huandikwa chumba linakokwenda. Misumari na parafujo za kitanda hutiwa katika mfuko na kufungwa kwenye ubao wa kitanda chenyewe. Mkoba mmoja hubaki mkononi mwa mtu mzima mmoja siku nzima, na humo huwekwa vitambulisho, vyeti, mkataba, fedha, dhahabu, dawa na funguo. Mkoba huo haupakiwi garini.

Vyombo vinavyohitaji uangalifu zaidi ni hivi:

Friji. Huzimwa siku moja kabla, barafu iyeyuke na ndani ikaushwe. Husafirishwa ikiwa imesimama. Ikilazimu kulazwa, husimamishwa na kuachwa kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Mtungi wa gesi. Hufungwa vali, hutolewa mpira na regileta, na husafirishwa wima mahali penye hewa, mbali na abiria na moto. Baada ya kuunganishwa upya, maungio hupakwa povu la sabuni. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja na jiko haliwashwi.

Jiko la mkaa. Halipakiwi mpaka limepoa kabisa na majivu yamemwagwa. Kaa moja lililofichika ndani ya majivu laweza kuchoma godoro njiani.

Mafuta ya taa na dawa za kuulia wadudu. Huwekwa katika chombo kilichofungwa vizuri, mbali na unga, mchele na nguo.

Usafiri

Uchaguzi wa chombo hutegemea umbali na upana wa njia. Kwa kuhama ndani ya Jang'ombe au mtaa wa jirani, mkokoteni hutosha na hufika mahali ambapo gari haliingii. Gari la ng'ombe au la punda hubeba mzigo mkubwa zaidi, nalo bado linatumika Unguja kwa kuchukulia mchanga, mawe na kuni. Kwa mwendo mrefu kama wa Fuoni au Bububu hukodiwa pikapu ndogo iitwayo kirikuu, au lori dogo kwa familia yenye vyombo vingi.

Bei hupatanwa kabla ya kupakia, na mapatano yataje idadi ya safari, kama dereva atasaidia kubeba, na nini kitatokea gari likisubiri. Ugomvi mwingi wa siku ya kuhama hutokana na safari ya pili ambayo haikutajwa.

Vizito hupakiwa kwanza, karibu na kichwa cha gari: friji, kabati, meza. Mbao za kitanda husimamishwa ubavuni. Maboksi hujaza katikati, na magodoro huja juu au hutumika kutenganisha vioo na mbao. Mzigo hufungwa kwa kamba na kufunikwa turubai. Watu hawapandi juu ya mzigo, hata kwa mwendo mfupi.

Kubeba bila kuumia

Maumivu ya mgongo ndiyo madhara ya kawaida ya kazi hii. Mbebaji hukunja magoti badala ya kuinama kiunoni, huuweka mzigo karibu na mwili, na huinuka kwa nguvu ya miguu. Akitaka kugeuka, huhamisha miguu badala ya kusokota kiwiliwili. Kwenye ngazi za majumba ya Michenzani au za nyumba za Mji Mkongwe, ambazo mara nyingi ni kali na nyembamba, wenye nguvu zaidi hukaa upande wa chini kwa kuwa ndiko uzito unakoshukia, na mtu mmoja tu hutoa amri ya kuinua na kutua. Watoto wadogo hupelekwa kwa jamaa siku hiyo.

Msaada wa watu

Wanaosaidia hawalipwi fedha, lakini wana haki yao. Ni desturi kuwapa chai asubuhi na chakula mchana, na mwenye kuhama hujua kwamba zamu yake ya kubeba itafika. Msaada huo una mpaka. Mtu anayewaita jamaa kabla hajamaliza kufunga huwaweka wakimsubiri juani, na mara ya pili hawaji. Pia hakuna anayelipa kioo kilichovunjwa na rafiki. Hilo ni sehemu ya makubaliano yasiyosemwa, ndiyo maana vitu vya thamani hubebwa na mwenyewe.

Kuingia nyumba mpya

Nyumba mpya hufagiwa na kuoshwa kabla vyombo havijafika. Vitanda hufungwa kwanza, kisha jiko, kwa sababu jioni ya siku hiyo watu watahitaji kulala na kula hata kama maboksi mengine hayajafunguliwa. Kufuli za milango hubadilishwa ikiwezekana.

Familia nyingi za Kiislamu huingia kwa bismillahi, hufukiza ubani na udi kwa chetezo, na baadaye huita majirani kwa dua au maulidi madogo. Mbali na ibada, mkusanyiko huo humtambulisha mgeni kwa watu ambao atashirikiana nao kisima, kichochoro, harusi na misiba.

Katika makao ya zamani, mpangaji husafisha, huonyesha hali ya chumba kwa mwenye nyumba, hurudisha funguo mbele ya shahidi na kudai maandishi kwamba hana deni. Huwaaga majirani na kuomba radhi kwa yaliyopita.

Kuhama nje ya kisiwa

Anayehamia Pemba au Tanzania Bara hupeleka mizigo bandarini Malindi na kuisafirisha kwa meli. Vyombo vya nyumbani vinavyoingia Dar es Salaam hukaguliwa na maofisa wa forodha, ambao huweza kuuliza hasa kuhusu vyombo vya umeme vinavyoonekana vipya. Orodha ya vyombo, risiti zilizopo na barua ya sheha inayoeleza kwamba familia inahama hurahisisha ukaguzi. Kwa safari kama hiyo, gharama ya kupakia na kupakua mara nne huweza kuzidi thamani ya samani nzito, na wengi huuza vitanda na makabati Unguja na kusafiri na nguo, vyombo vya jikoni na nyaraka.